Cuddalore Juu ya Zulia Letu

Thamesmead, Jumamosi, baada ya laasiri

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum. Nimeanza na salaam, na salaam ndiyo nitakayoizungumza mpaka mwisho wa barua hii. Ukichoka njiani ukaiweka chini, basi ujue hujakosa kikubwa.

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, na nyumba imebaki na mimi na masanduku yako mawili pale ukumbini. Habari za koti zito, dawa ya kikohozi na kufunga mlango kwa ufunguo sikuandikii. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa jengo hili, na jirani yetu Mama Furaha, kwa Ukongo wake, amekuongezea na maombi. Kanada kuna baridi na wewe una akili, mtajuana wenyewe. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unakwenda kwenye kazi yako ya kutengeneza meli za mfano katika makumbusho ya watu, mkataba wa miaka mitatu, na kaka yako Nassor hujamtolea salaam tangu siku tulipomzika mama yako.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, na pengine utakwama mahali. Lakini kwa Kiingereza mimi huwa mpole kuliko nilivyo, na leo sitaki upole.

Nakwambia mapema pia kwamba sina tamaa. Sikuandikii kwa kuwa naamini barua itakugeuza moyo. Wewe mtoto wangu, na kichwa hicho ulichonacho nakijua kilikotoka.

Unaikumbuka ile Jumapili ya Cuddalore? Ulikuwa ndiyo kwanza umeingia sekondari. Skuli ilikuwa imekupelekeni makumbusho kule Greenwich, ukarudi umepagawa na manowari za matanga, za zama za wafalme. Sikukuu ilipokuja, wenzako wanataka nguo, wewe ukataka meli za madini ya risasi zisizofika urefu wa kidole. Ukawa unazipaka rangi hapa hapa mezani kwa brashi yenye nywele chache, ulimi nje, na mama yako anazunguka na masufuria yake akiogopa kukugusa kiwiko.

Siku hiyo ulitandika shuka ya buluu juu ya zulia la sebuleni, ikawa bahari. Pwani ya Bara Hindi ukaifanya kwa kanga ya mama yako iliyokunjwa, na mji wenyewe wa Cuddalore ukawa bakuli la sukari. Mama yako akatoka jikoni akasimama mikono kiunoni.

"Nani kaniteremshia sukari yangu chini?"

"Mama, that's Cuddalore."

"Basi hiyo Cuddalore irudi kabatini kabla ya chai."

Nassor alikuwa kijana tayari, ndevu zinaanza, na ungedhani angeona haya kukaa chini na meli za mdogo wake. Alikaa. Akawa Mwingereza, kwa sababu Mwingereza ndiye aliyekuwa na meli nyingi zaidi na yeye ndiye mkubwa. Wewe ukawa Mfaransa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ya basi, nimejilaza kwenye kochi, nikataka kulala lakini ukanikataza. Ulihitaji mtu wa kuangalia.

Ukanieleza, na mpaka leo nakumbuka kuliko mambo mengi yangu mwenyewe. Wafaransa wamo ndani ya mji, Waingereza wameuzunguka kwa nchi kavu. Atakayeishika bahari iliyo mbele ya mji ndiye atakayeushika mji, kwa kuwa chakula na askari vitapita baharini. Meli za Mwingereza ni nyingi, lakini maji ya kunywa yanakwisha na mabaharia wake wameshikwa na kiseyeye, ufizi unatoka damu, wengine hawawezi kusimama. Meli za Mfaransa chache, na watu hawatoshi, kwa hiyo amewatoa askari ndani ya mji akawapakia wakapige mizinga. Upepo hakuna. Siku nzima, na siku ya pili, na ya tatu, wanazungukana tu, kila mmoja anatafuta pa kumshikia mwenzake. Ukanionyesha kwamba mkubwa wa Wafaransa hakukaa kwenye meli kubwa ya mapigano. Mfalme wake alikuwa ameamuru wakubwa wasikae tena kwenye mstari wasije wakatekwa, basi akakaa kwenye meli ndogo, pembeni, anatoa amri kwa bendera.

Nikakuuliza kama watu kama sisi walikuwemo.

"Probably," ukasema. "Walichukua mtu yeyote."

"Majina yao?"

"Nobody wrote them down, Baba."

Hapo ndipo Nassor alipofanya lile lake. Mlangoni, kwenye pindo la zulia, ulikuwa umeweka kiberiti kitupu chenye kijiti na kipande cha karatasi nyeupe ya chooni. Ilikuwa meli ya mwisho, zamu yake bado. Nassor akakichukua akakisukuma moja kwa moja mpaka kwenye bakuli la sukari, akasema imefika, mchezo umekwisha, tule. Ukampokonya. Ulikuwa karibu kulia.

"Haikufika, Nassor. That's the whole point."

Akakutazama, akakirudisha mlangoni, akakuachia. Mkaendelea. Mkapanga mistari miwili, mkatupa dadu, mkatoa vipande vya pamba kuwa moshi, na jua la Cuddalore likatua wakiwa bado wanapigana. Hapakuzama meli hata moja. Kila mmoja akaenda zake, Mwingereza akaenda Madras kutafuta maji, Mfaransa akatia nanga pale pale. Watu kama mia waliuawa kila upande, ukasema, na majeruhi mara kadhaa ya hao. Kisha ukaenda mlangoni ukakileta kile kiberiti polepole, mwenyewe, kwa magoti. Meli ya Waingereza yenye bendera nyeupe, imeleta habari. Kule Ulaya wafalme walikuwa wameshapatana tangu Januari. Hii ilikuwa Juni.

Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka mama yako akachungulia. Nikasema, wajinga hawa, wana mizinga yote hii na dira na ramani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama vita vyenyewe bado vipo. Wewe ukasema walikuwa hawana njia ya kujua. Nikasema, mtu mzima hujua. Na Ijumaa yake, tulipokaa na wenzangu baada ya sala, nikawahadithia kisa cha Cuddalore kwa mikono na mabega, na wao wakacheka mpaka wakafuta machozi. Tulikuwa watu wazima wanane tisa, wote wa Pemba, na wote tulikuwa vitani wakati ule ule.

Sasa nikwambie nisilokwambia.

Unajua nilikimbia nyumbani kabla hujazaliwa. Unajua kulikuwa na chama chetu na chama chao, na uchaguzi, na maandamano, na risasi. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Hujasikia kwamba usiku wa kukimbia nilikwenda kwanza kwa ami yako Masoud. Ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja, ila yeye alikuwa mwalimu wa serikali na akasimama na chama chao. Nikabisha mlango. Nikaita jina lake kwa sauti ya chini. Haukufunguliwa. Nikamsikia akikohoa ndani. Kikohozi cha ndugu yako hukikosi, Rahma, hata kiwe kimoja kati ya vikohozi elfu. Nikasimama pale mpaka nikaona kwamba nitakamatwa kwa upumbavu, nikaenda zangu pwani, na baadaye nikajikuta Kenya, na baadaye huku.

Kule Pemba tulikuwa tumefika mbali hata kabla ya usiku ule. Duka la mtu wa chama chao hununui. Msikiti wake husali. Harusi yake huendi, na yeye haji kwako. Wapo walioacha wake zao. Mwisho tukafika pa mwisho, ambapo mtu akikuuliza habari za jirani yako unamjibu neno moja tu, hatuzikani. Huwezi kumwambia binadamu neno zito kuliko hilo. Maana yake nikifa usije, na ukifa siji, na mwili wako ubebwe na wenzako.

Tulipofika London tukakusanyika, na mimi kwa kuwa nilikuwa na simu na mdomo wakanifanya katibu. Hapa hapa Uingereza, ambapo hakuna hata mmoja aliyejua chama chetu ni nini, tukaendelea kutozikana. Akifa mtu wetu, nilipiga simu nyumba kwa nyumba. Akifa mtu wao, nilipiga simu vile vile, na nilikuwa na maneno yangu. "Msiba upo, lakini si wetu." Basi. Mtu wa upande wa pili anaelewa, anakaa nyumbani kwake. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko kuendesha basi, na niliendesha basi vizuri.

Ukawa na miaka minane au tisa, nyumbani wakapatana. Wakubwa wa vyama wakapeana mikono, watu wakapiga kura kwamba watatawala pamoja. Na Masoud akanipigia simu. Sijui nambari aliipata kwa nani.

"Seif," akasema, "huku yamekwisha. Juzi tumezika mtu wa kwenu, tumebeba jeneza sote. Nimeweka bega langu."

Nikamwuliza wamemnunua kwa bei gani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Akasema, "Mlango ule, ndugu yangu, niliogopa." Hakuongeza kitu. Nami nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka yote, na yalipokuja nikayaona madogo. Nikamwambia mimi sina ndugu kwa hao. Akasema, "Haya. Wasalimie watoto." Nikakata.

Salaam ni amana, tumefundishwa hivyo sote. Mtu akikutuma salaam hulali nayo. Mimi nimelala nayo miaka. Basi pokea, Rahma, ami yako Masoud alikusalimia, wewe na Nassor, na majina yenu aliyajua. Nassor nimeshamfikishia wiki iliyopita. Alisema, "Waalaykumu salaam," akaniuliza kama nimekula.

Wenye hekima wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi wa London hatukuchukua jembe wala kapu. Wenye ugomvi wao walikuwa wameshakaa chini wanakula pamoja, na sisi huku bado tunapigiana simu kuambizana nani asizikwe. Tulikuwa na televisheni, na habari zilitufikia siku ile ile. Wale mabaharia wa Cuddalore niliowacheka walisubiri meli. Mimi meli ilifika, ikaja mpaka sikioni, na nikaizamisha mwenyewe.

Ile Jumapili ya zulia, simu ya Masoud ilikuwa imeshapigwa zamani. Nilicheka nikiwa nayo kifuani.

Masoud alifariki kabla mwaka ule wa zulia haujakwisha. Alianguka akitoka sala ya alfajiri. Mtoto wake ndiye aliyenitumia habari. Nikakaa kitako pale ukumbini, penye masanduku yako sasa hivi, na mama yako akanivua viatu kama mtoto. Nikasema nitamsomea hitma, nyumbani kwangu, na nitawaita watu. Mama yako akanitazama. Alijua. Hakusema, kwa sababu mtu aliyefiwa haambiwi, lakini alipika chakula cha watu wote, na mpaka leo sijui kama alifanya hivyo kwa matumaini au kwa kunionea huruma.

Ulipanga vikombe vya kahawa. Nassor alitandika mashuka meupe. Nikakaa nikisikiliza lifti. Unaijua lifti yetu, unaisikia ikipanda kutoka chini kabisa. Ilipanda, ikapita. Ikapanda, ikasimama, nikainuka, akawa ni kijana wa chini ameleta kifurushi cha jirani. Maalimu aliyekuwa asomeshe akapiga simu kwamba tumbo linamsumbua. Mume wa Mama Furaha akaja, Mkristo wa watu, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kona na mikono mapajani, hajui lolote la hitma ila kwamba mtu amefiwa. Hakuja mwingine. Tukasoma Yasini mimi na Nassor, na wewe ukifuatisha pale unapopajua. Kisha mkabeba sahani, wewe na kaka yako, ghorofa kwa ghorofa, mkagawa chakula cha ami yenu kwa watu wasiomjua. Mkarudi mnacheka kwa sababu kikongwe mmoja aliuliza kama ni mgahawa mpya. Nilipenda sana kukuoneni mnacheka pamoja siku ile. Nakumbuka nilifikiri kwamba angalau hawa wawili.

Mbarouk nilimkuta gereji siku chache baadaye, yule tuliyekuwa naye tangu Kenya. Nikamwuliza, nyote hamkuweza hata kunipa mkono wa pole? Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, hana chuki hata chembe.

"Lakini Seif, msiba ulikuwa si wetu. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Nikapanda basi langu nikaendesha.

Sasa ngoja nikwambie la kaka yako, na nitalisema kwa haki, kwa sababu ukidhani nampendelea utaikunja barua. Asubuhi ile mama yako aliyofariki, Nassor alijua hali yake si nzuri. Nilimpigia mwenyewe. Akaniambia atakwenda kazini nusu siku, kisha aje. Hilo ni kosa, na ni kosa lake, hakuna aliyemlazimisha. Uwanja wa ndege wa Heathrow, huko ndani anakofanya kazi, simu zinaachwa kwenye makabati. Wewe ulikuwa umemshika mama yako mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unamtumia Nassor ujumbe, njoo, njoo, njoo sasa. Alipofungua kabati akaukuta wote kwa pamoja, na mama yako alikuwa ameshafunikwa. Alikuja na sare ya kazi. Na siku ya maziko, watu bado wanashikana mikono, alikuja kukupa mkono, ukamwambia mbele yangu, "Usinisalimie tena." Ulilisema kwa Kiswahili. Wewe, unayeniomba chumvi kwa Kiingereza.

Sikukufundisha kwa mdomo. Lakini ulikua ndani ya nyumba ambayo simu ikilia baba anauliza kwanza ni msiba wa nani. Neno lile ulilichuma kwangu.

Nassor alijaribu. Alikuja mara ya kwanza ukaingia chumbani. Alikuja mara ya pili, ukatoka nje na koti la nyumbani wakati mvua inanyesha. Baadaye akawa haji tena wakati upo, na baadaye nikimtaja jina lako anauliza habari za mguu wangu. Ameshazoea. Mwanzo nilisema moyoni kwamba kuzoea ni afadhali ya kuumia. Sasa naona kinyume chake. Aliyeumia bado ana kitu anachokitaka kwako.

Utaniambia hukukosea. Hukukosea. Mimi pia sikukosea. Kikohozi nilikisikia, na mlango haukufunguliwa, na ningekufa usiku ule lingekuwa juu ya Masoud. Haki yangu ninayo mpaka leo, nzima, haijapungua. Nimekaa nayo ndani ya nyumba hii na haijawahi hata kuniinjikia chai. Nilichogundua ni kidogo mno, naona aibu kukiita funzo, kwamba Masoud aliponiambia aliogopa, alikuwa amenipa chote alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa nasubiri zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Na wala sikwambii kwamba ningepokea simu ile mambo yangekuwa mazuri. Sijui. Kule nyumbani yale mapatano yenyewe yalivunjika baada ya miaka michache, wakagombana tena, wakapatana tena, na sasa sijui wako wapi, nimeacha kuuliza. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, siku uliponiona nimekaa kimya sana mbele ya meli zako, kwamba wafalme walipopatana walirudishiana miji mezani kama watu wanaorudishiana vyombo baada ya shughuli, na kwamba haikupita miaka kumi mataifa yale yale yalikuwa baharini tena yanapigana. Nikakuuliza, sasa wale wa Cuddalore walikufa kwa ajili ya nini? Ukatafuta jibu, nakuona ukilitafuta, kisha ukasema, "Nothing, Baba. Walikufa tu." Ulikuwa mtoto bado, na hukuogopa kulisema. Mimi nikakwambia kalale.

Ijumaa iliyopita nilimwita Nassor aje kula. Nilipika mwenyewe, vibaya. Nilitaka mara ya mwisho mkae meza moja, hata msiposema neno, nione vichwa vyenu viwili kama zamani. Kengele ya mlango wa chini ikalia, ukaisikia sauti yake, ukavaa viatu. Yeye akapanda kwa lifti, wewe ukateremka kwa ngazi. Akaingia, akaona sahani tatu. Akaondoa moja akairudisha kabatini, taratibu, asiniumize.

"Baba, usimlazimishe," akasema. "Muache aende na raha zake."

Akala chakula changu chote na akaniomba nimuongezee, na kile chakula hakiliki.

Nimefikiri nikupe barua hii leo usiku, mkononi. Lakini nakujua. Ungeisoma hapo hapo umesimama, ungesema, "Baba, don't start," na tungeachana kesho na uso wa kununa, nami sitaki uso huo uwe wa mwisho niliouona, maana mguu wangu na moyo wangu daktari haviamini sana, na miaka mitatu si leo wala kesho. Kwa hiyo nitaitia ndani ya lile kasha la meli zako, chini ya sifongo. Utalifungua huko. Najua maana yake. Najua kwamba nina usiku mzima mbele yangu na mlango wa chumba chako uko hatua chache, na nimechagua njia itakayofika baada ya mambo kwisha. Sina udhuru. Ni uoga, kama wa Masoud, na mimi niko upande wa ndani wa mlango safari hii.

Sikuombi umpigie simu. Nilikuwa nimeandika ombi hilo hapa, nikalikata. Nambari unayo. Ninachotaka ni ujue jambo moja tu, ambalo hukuweza kulijua ulipokuwa unapita.

Utakaposoma haya utakuwa umeshatoka Heathrow na umeshafika. Pengine ulipokuwa kwenye foleni uliangaza angaza. Sitaki kujua kama uliangaza ukimtafuta kaka yako au ukimkwepa. Hukumwona. Pengine ulidhani yupo mahali, amekuona akakugeuzia mgongo, na ukaongeza hilo juu ya mengine.

Hakuwepo, Rahma. Mchana huu amenipigia simu. Amesema kesho ilikuwa zamu yake, pale pale, mlango ule ule utakaopita wewe, na amemwomba mwenzake wabadilishane. Nikamwuliza kwa nini, nikiwa nimeshaanza kukasirika. Akasema, "Baba, nikiwepo ataona tabu. Ataogopa kila kona. Nataka apite vizuri."

Nikamwuliza sasa wewe utakuwa wapi. Akasema nyumbani, Hounslow. Mle chumbani mwake ndege zinapita juu ya paa siku nzima, karibu mpaka vikombe vinatikisika, na yeye ameshajizoesha hazisikii. Akasema kesho atakaa azisikilize zote, kwa kuwa hajui ipi itakuwa yako.

Baba yako,
Seif